Mtafutie Mtoto Daktari wa Meno Kabla Jino Halijauma

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa matawi ya Thika na Ruiru. Imechapwa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu.)



Kamati imeniomba niseme nanyi leo juu ya kumtafutia mtoto daktari mzuri wa meno. Najua wako watakaouliza: Chama cha wafanya kazi na meno ya watoto, wapi na wapi? Tumezoea kukutana kwa ajili ya mishahara, saa za kazi, na wenzetu walioachishwa kazi bila haki. Lakini nawaambia ya kwamba jino la mtoto nalo limo katika mambo hayo. Mzazi ambaye mtoto wake amelia usiku kucha huja kwenye mashine asubuhi akiwa na usingizi machoni, na mashine haina huruma na mtu anayesinzia. Akiomba ruhusa ampeleke mtoto hospitali, mara nyingi hukatwa mshahara wa siku hiyo. Basi hili ni jambo la nyumbani, na ni jambo la kazini pia.

Neno langu ni moja tu, nalo ni hili: mtafute daktari wa meno wakati mtoto hana maumivu. Ukingoja mpaka jino liume, si wewe utakayemchagua daktari. Maumivu ndiyo yatakayokuchagulia. Yatakupeleka kwa yule aliye karibu, aliye wazi saa hiyo, na anayekubali pesa kidogo uliyo nayo mfukoni, awe anajua kazi au hajui.

1. MENO YA UTOTO SI MENO YA BURE

Wengi wetu tumelelewa tukisikia maneno haya: "Hayo ni meno ya utoto, yataanguka yenyewe." Maneno haya yamewaumiza watoto wengi. Tuyatazame kwa hesabu.

Mtoto huota meno 20 ya utoto. La kwanza hutokea kwa kawaida akiwa na miezi sita hivi, na yote huwa yametoka afikapo karibu miaka mitatu. Meno ya mbele huanza kung'oka akiwa na miaka sita au saba. Lakini magego ya utoto, yale ya kutafunia, hukaa mpaka mtoto awe na miaka kumi, au kumi na mmoja, au kumi na miwili. Basi gego likioza mtoto akiwa na miaka minne, ukasema litaanguka lenyewe, umemwambia mtoto angoje miaka sita na zaidi huku anaumwa. Hakuna mfanya kazi hapa ambaye angekubali kungoja miaka sita kwa jino lake mwenyewe.

Tena lipo jambo ambalo wazazi wengi hawalijui, nami naomba mlishike kuliko yote. Mtoto afikapo karibu miaka sita, huota magego manne mapya, mawili juu na mawili chini, nyuma kabisa ya magego ya utoto. Kwa sababu hakuna jino lililong'oka kuyapisha, mzazi hudhani ni ya utoto. Sivyo. Hayo ni meno ya ukubwani, ndiyo ya kwanza kutafuna na ndiyo yatakayomtumikia mpaka uzee. Yakioza akiwa na miaka tisa na kung'olewa, hayaoti mengine. Jino la pembe si dawa ya pengo.

Hata gego la utoto likitolewa mapema sana kuna hasara. Meno ya jirani huegemea pale palipo wazi, na jino la ukubwani likija hukuta nafasi yake imechukuliwa, likatoka upande. Kwa hiyo daktari anayejua watoto hafanyi haraka kushika koleo.

Wala shida hii si ya nyumba moja moja. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu mtoto mmoja katika kila wanne alikuwa na meno yaliyooza. Hesabu watoto wanne katika ploti yako, uone.

2. NI NANI ANAYEITWA DAKTARI WA MENO

Katika miji yetu kila mwenye koti jeupe huitwa daktari. Yafaa tujue tofauti.

Kwanza, yuko daktari wa meno mwenyewe. Huyu amesoma chuo kikuu miaka mitano, kisha akafanya kazi ya mazoezi hospitalini mwaka mmoja chini ya wakubwa wake. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha madaktari wa meno mwaka 1974. Kabla ya hapo, Mkenya aliyetaka kazi hii ilimbidi aende ng'ambo.

Pili, yuko daktari wa meno aliyeongeza masomo juu ya watoto hasa. Hawa si wengi. Si kila mtoto anayemhitaji, lakini yule mwenye ugonjwa wa moyo, au mwenye ulemavu, au aliyeoza meno mengi kwa pamoja, au mwenye woga usiotulizika, huyu yafaa apelekwe kwake.

Tatu, yuko afisa wa afya ya kinywa, aliyesomea diploma katika Chuo cha Mafunzo ya Utabibu, KMTC. Huyu huchunguza, husafisha, huziba matundu ya kawaida, hung'oa, na hufundisha watu. Katika hospitali za serikali mara nyingi ndiye utakayemkuta kwanza. Msimdharau. Kwa kazi iliyo ndani ya masomo yake ni mtu wa kutegemewa, na akiona kazi imempita atakuandikia barua uende mbele.

Nne, yuko fundi wa maabara anayetengeneza meno ya bandia. Kazi yake ni ya heshima, lakini si kazi yake kumdunga mtoto wako sindano wala kumng'oa jino.

Tano, yuko yule wa kando ya soko, mwenye meza, koleo, na chupa ya dawa isiyo na jina. Huyu hana jina la kumwita. Vyombo vyake havikuchemshwa, na damu ya mtu wa kwanza humfikia wa pili. Pamoja naye namweka yule anayewatoa watoto wachanga "meno ya plastiki", akisema ndiyo yanayoleta homa na kuhara. Kile anachokichimba katika ufizi ni chonge la mtoto ambalo halijatoka. Hakuna ugonjwa anaouponya. Watoto wamepata vidonda vibaya, wengine wamekufa. Mtoto mchanga mwenye homa na kuhara apelekwe hospitali.

Utawatambuaje wa kweli? Sheria ya Kenya yataka daktari wa meno na afisa wa afya ya kinywa waandikishwe na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, na kila mwaka wapate leseni mpya. Kliniki nayo yapasa iwe na leseni yake. Orodha ya Baraza iko wazi kwa kila mtu katika tovuti yake. Mwenye simu ya intaneti aweza kuandika jina la daktari akaona kama limo na kama leseni ni ya mwaka huu. Asiyejua kufanya hivyo amwombe kijana wake wa shule, au karani wa tawi. Si utovu wa adabu kuuliza, "Daktari, naomba kuona leseni yako." Sisi tukienda kuomba kazi ya udereva twaonyesha leseni, nani asiyejua hayo? Daktari mwema hukasirika nini? Huinua kidole akakuonyesha ukutani.

3. PA KUANZIA KWETU THIKA NA RUIRU

Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha ya kwamba Ruiru ina watu zaidi ya 490,000, na Thika zaidi ya 250,000. Mahali penye watu wengi hivyo, mabao ya matangazo ya meno huota kama uyoga baada ya mvua. Mengine ni ya watu wenye ujuzi, mengine ni rangi tu. Basi tuanze kwa utaratibu.

Hospitali ya Thika, ile ya Level 5, ina idara ya meno. Kwa mtu wa Makongeni, Kiandutu, Majengo au Landless, hapo ni pa kuanzia. Kwa mtu wa Ruiru, anza kwa kuuliza katika hospitali ya serikali ya Ruiru. Uliza mambo manne: siku na saa za meno ya watoto, nani atakayemtazama mtoto, malipo ni kiasi gani, na kama mashine inafanya kazi na dawa za kuzibia zipo. Hili la mwisho ni kubwa, maana mahali pasipo na vifaa vya kuziba, kila jino hung'olewa, si kwa kuwa lilistahili kung'olewa, bali kwa kuwa koleo ndilo lililopo.

Wale watakaoambiwa mtoto anahitaji mtaalamu wa watoto, pana hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyo kando ya barabara ya Argwings Kodhek. Pale wanafunzi hufanya kazi chini ya macho ya walimu wao. Ni safari, tena ni foleni, lakini waalimu wenyewe wa kazi hii wako pale. Nenda na barua ya kwanza na picha za meno kama zilipigwa, usilipe mara mbili kwa kitu kimoja.

Kliniki za watu binafsi ziko mijini kote kuwili. Usichague kwa ukubwa wa bao wala kwa viti vya ngozi. Waulize majirani, walimu wa shule ya chekechea, na wauguzi wa kliniki ya watoto. Lakini usiulize tu, "Ni mzuri?" Uliza hivi: "Mtoto wako alikubali kurudi kwake?" na, "Jino alilolizibа lilikaa muda gani?" Majibu ya maswali hayo mawili yana uzito kuliko sifa kumi.

Juu ya pesa: tangu tarehe 1 Oktoba 2024, ile NHIF tuliyoizoea imekwisha, na mahali pake imeingia Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Mfanya kazi wa mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote kabla ya makato mengine. Pesa yako inakwenda kila mwezi, basi hakikisha watoto wako wote wameandikwa chini ya jina lako, ukiwa na vyeti vyao vya kuzaliwa. Na kabla mtoto hajakaa kitini, uliza waziwazi: katika kazi hii, SHA italipa nini, na mimi nitalipa nini? Usikubali jibu la "tutaona baadaye."

4. DALILI ZA DAKTARI MZURI WA MTOTO

Sasa umefika. Utamjuaje? Nawapeni dalili saba. Ziandikeni.

(a) Huuliza kabla ya kushika. Atakuuliza umri wa mtoto, kama ana ugonjwa wa moyo, pumu, au damu isiyokata upesi, kama kuna dawa inayomdhuru, na kama amepata kung'olewa jino. Asiyeuliza neno ni mtu wa haraka.

(b) Hutazama kinywa chote. Ulimleta kwa jino moja, naye ahesabu yote, atazame ufizi, atazame yale magego ya miaka sita. Tundu dogo lisilouma bado ndilo rahisi kuzibwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa meno ni hivyo hasa.

(c) Hutaja njia zaidi ya moja. Kwa jino la mtoto kuna kupaka dawa ya floridi, kuziba, kuvika jino kofia ya chuma, na kung'oa. Iko pia dawa ya maji yenye fedha na floridi, inayopakwa kwenye tundu kuzuia lisiendelee, bila sindano wala mashine. Shirika la Afya Duniani liliiweka dawa hiyo mwaka 2021 katika orodha yake ya dawa za lazima. Hulifanya tundu kuwa jeusi, na daktari mwaminifu atakuambia hivyo kabla ya kupaka. Tena iko njia ya kusafisha tundu kwa vyombo vya mkono tu na kuliziba kwa saruji ya meno, ambayo haina kelele ya mashine. Njia hii haikutoka mbali; ilianzishwa kwa jirani zetu Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kwa ajili ya mahali pasipo na umeme, na leo hutumika nchi nyingi. Basi akikuambia kuna kung'oa tu, mwulize, "Kwa nini haliwezi kuzibwa?" Pengine kweli haliwezi, limeoza mpaka mzizi. Lakini akueleze, wewe si mzigo.

(d) Husema na mtoto. Humwonyesha kioo na maji na mashine kabla ya kuvitia mdomoni. Humwambia, "Ukiumia inua mkono, nitaacha," na mkono ukiinuliwa huacha kweli. Hamdanganyi kwamba sindano haiumi hata kidogo. Humruhusu mzazi kukaa karibu. Anayemkemea mtoto, kumziba mdomo, au kuwaita watu wanne wamshike kwa jambo lisilo la dharura, huyo atakutengenezea mtu atakayewaogopa madaktari wa meno mpaka awe na wajukuu.

(e) Ni msafi mbele ya macho yako. Glavu mpya kwa kila mtoto, sindano mpya, na vyombo vilivyosafishwa kwa mvuke wa moto, vikatolewa katika pakiti iliyofungwa. Una haki ya kuuliza vimesafishwaje.

(f) Hutaja bei kabla ya kazi, na hutoa risiti. Bei hazifanani kutoka mlango hadi mlango. Kama kazi ni kubwa na haina haraka, chukua karatasi ya bei, uende ukalinganishe.

(g) Hukufundisha na kukupa siku ya kurudi. Mfanya biashara tu hungoja jino lingine lioze. Daktari mwema anataka lisioze.

Naongeza onyo moja. Kama mtoto atahitaji kulazwa usingizi kabisa ili atibiwe meno mengi, kazi hiyo ifanywe hospitalini, palipo na daktari wa dawa ya usingizi na vyombo vya kumsaidia kupumua. Isifanywe katika chumba kimoja juu ya duka.

5. MADOA NI JAMBO JINGINE

Nyumba nyingi upande wetu hunywa maji ya visima virefu vya kuchimbwa kwa mashine. Katika sehemu nyingi za Kenya, hasa Bonde la Ufa na visima vya Nairobi na jirani zake, maji ya chini ya ardhi huweza kuwa na floridi kupita kiasi. Kipimo kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni kisizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akinywa maji yenye floridi nyingi mno katika miaka ile ambayo meno yake ya ukubwani yanajengeka ndani ya ufizi, meno hayo hutoka na madoa meupe au ya kahawia.

Madoa hayo si uchafu na si kuoza. Mtoto hakukosa kupiga mswaki. Kuyasugua kwa mkaa, majivu au mchanga hakuyaondoi, kunalichubua jino tu. Na kuchemsha maji hakuondoi floridi. Maji hupungua, floridi hubaki. Daktari mzuri ataitambua tofauti, atauliza mtoto amekunywa maji gani, wala hatakuuzia kazi ya kuziba mahali pasipo na tundu. Na ninyi mnaokaa kwenye ploti zenye kisima, mwulizeni mwenye ploti aonyeshe cheti cha kupimwa maji.

6. KAZI YA MZAZI

Daktari hawezi kufanya peke yake. Yako yanayotuhusu sisi.

Mpeleke mtoto mara ya kwanza jino la kwanza linapotokea, au kabla hajatimiza mwaka mmoja. Kwa kweli siku hiyo hakuna kazi kubwa: atatazamwa, na wewe utafundishwa. Lakini mtoto atakuwa amekijua chumba kile akiwa hana maumivu.

Usimtumie daktari kuwa fimbo. Tunasema, "Ukisumbua nitakupeleka ukadungwe sindano!" Kisha siku ya kumpeleka twashangaa kwa nini amejifunga kwenye mlango wa matatu. Mwambie tu, "Daktari atahesabu meno yako." Nenda naye asubuhi, akiwa amelala vizuri na kula, isipokuwa kama umeambiwa aje bila kula.

Mpige mswaki mara mbili kwa siku, na ile ya usiku isikose. Tumia dawa ya meno yenye floridi. Aliye chini ya miaka mitatu, kiasi cha punje ya mchele. Kutoka miaka mitatu mpaka sita, kiasi cha punje ya kunde. Mtoto wa miaka mitano hawezi kujisafisha mwenyewe vizuri, msaidie mpaka awe na miaka saba au minane.

Asilale na chupa ya maziwa, chai ya sukari au juisi mdomoni. Maziwa na sukari hukaa juu ya jino usiku kucha, na meno ya mbele huisha kama sabuni. Hata mchana, si wingi wa sukari tu unaooza meno, bali ni mara ngapi. Peremende moja moja tangu asubuhi mpaka jioni ni mbaya kuliko kipande cha keki kilicholiwa mara moja baada ya chakula.

Maumivu yakija usiku, mpe panado ya watoto kwa kipimo cha uzito wake kama ilivyoandikwa. Asipewe aspirini mtoto, wala isiwekwe kwenye ufizi, maana huuchoma. Na msinunue antibiotiki dukani mkadhani mmetibu. Uvimbe utapungua, jino litabaki limeoza, na baada ya majuma machache mtarudi pale pale.

7. SIKU ISIYO YA KUNGOJA

Yako mambo mawili ambayo hayangoji kesho.

La kwanza, shavu likivimba pamoja na homa, au uvimbe ukipanda kuelekea jicho, au ukishuka shingoni, au mtoto akashindwa kumeza au kufungua kinywa. Hapo usitafute kliniki ya meno. Mkimbize hospitali kubwa saa ile ile, hata kama ni usiku. Usaha wa jino huweza kumwua mtoto.

La pili, mtoto akianguka jino la ukubwani likang'oka zima. Liokote, ulishike upande wa kutafunia, si mzizi. Kama ni chafu lisuuze kidogo kwa maziwa au maji, usilisugue. Lirudishe mahali pake kama mtoto aweza kulishikilia, au ulitie ndani ya maziwa, ukimbilie kwa daktari wa meno. Mkifika katika nusu saa, jino lina nafasi nzuri ya kushika tena. Baada ya saa moja nafasi hiyo hupungua sana. Kama ni jino la utoto, usilirudishe, lakini mpeleke akatazamwe.

Na hapa mnaona faida ya kumjua daktari mapema. Nusu saa hutosha kwa mtu anayejua aendako. Haimtoshi anayeanza kuulizia barabarani jino likiwa mkononi.

8. KAZI YA CHAMA

Ndugu zangu, nimesema juu ya kazi ya daktari na ya mzazi. Imebaki yetu sote pamoja.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yampa mfanya kazi likizo ya siku 21 za kazi kila mwaka kwa mshahara kamili. Pia, baada ya miezi miwili ya kazi mfululizo, yampa likizo ya ugonjwa: siku 7 kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara, akileta cheti cha daktari. Lakini isomeni vizuri. Ugonjwa unaosemwa ni wa mfanya kazi mwenyewe. Mtoto akiugua jino, sheria hiyo haikutaja siku hata moja kwa ajili ya mzazi. Ndiyo sababu mama wa zamu ya mchana hungoja mpaka Jumamosi, na Jumamosi hukuta idara imefungwa, akangoja tena, na tundu la kuzibwa likawa jino la kung'olewa. Si kwamba hampendi mtoto. Anahesabu unga wa nyumba.

Sheria inapokoma, mapatano ya chama na tajiri ndipo yanapoanza. Kwa hiyo naomba mambo matatu yapelekwe mbele ya Kamati.

Kwanza, mapatano yajayo yawe na kifungu cha saa za ruhusa, bila kukatwa mshahara, kwa mzazi anayempeleka mtoto kwa daktari na kurudi na karatasi ya daktari. Tajiri ataona ni hasara. Tumwonyeshe kwamba saa tatu za asubuhi kwa kuziba ni chache kuliko siku mbili nzima za jino lililovimba.

Pili, pale tajiri anapolipa bima ya matibabu kwa wafanya kazi, wawakilishi wetu waisome karatasi yenyewe: je, meno yamo? Watoto wamo? Kuziba kumo, au ni kung'oa peke yake? Bima inayolipa kung'oa na kukataa kuziba yawafundisha watu kung'oa.

Tatu, kila tawi libandike ubaoni orodha ya wenye kutibu meno ya watoto walio karibu, baada ya karani kuthibitisha leseni zao kwa Baraza. Iandikwe siku zao, saa zao, na bei walizozitaja. Mwanachama atakayetendewa vibaya apewe msaada wa kuandika malalamiko kwa Baraza, kwani Baraza hupokea malalamiko ya wananchi na lina uwezo wa kumwadhibu daktari.

Ndugu wanachama, nimemaliza. Mkirudi nyumbani jioni ya leo, mwiteni mtoto mlangoni penye mwanga, mwambieni afumbue kinywa, mtazame nyuma kabisa. Mkiona weusi au tundu, msingoje alie. Juma hili ulizeni siku za kliniki, na Kamati nayo ianze kuandika kile kifungu cha saa za ruhusa.